Kokoto ya Saba

Mimi ndiye mkata nyasi wa Kilciarnait,
kwa ujira usiotosha hata petroli,
na wafu wetu nawajua kwa jinsi mashine inavyoruka:
hapa mzizi, hapa kona ya jiwe la akina Tansey,
hapa ardhi imebonyea, kama godoro
lililolaliwa miaka mingi upande mmoja.

Kanisa halina paa. Kunguru wamerithi madhabahu.
Kuvumwani imekula majina, ikaanza na ya maskini,
maana herufi zao hazikuchimbwa sana.

Mtakatifu wetu, Ciarnait, hayumo katika kitabu chochote.
Padre Fintan alitafuta, akatafuta tena,
akarudi na tabasamu la mtu aliyedaiwa deni asilolijua.
Sisi kitabu cha nini? Tunajua
alivuka ziwa akiwa amesimama juu ya jiwe hili,
na ng'ombe wake mmoja alinywesha parokia nzima
mpaka mtu wa ukoo fulani
(siwataji, shamba lao linapakana na letu)
alipomkamulia ndoo iliyotoboka.
Maji ya jiwe lake huondoa chunjua.
Mimi ziliniondoka mbili. Ya tatu ilikataa.

Siku yake ni Jumapili ya mwisho ya Julai.
Watu huja na chupa za chai, viti vya kukunja, mbwa,
wakazunguka kisima mara saba kufuata mwendo wa jua,
kila mzunguko kokoto moja ukingoni
ili sala isipotelewe na hesabu.
Mti wa miiba umefungwa lesi, soksi, kamba za viatu,
na barakoa moja ya mwaka ule
tuliokatazwa kuzikana.

Attracta Mulhern huja kabla ya wote,
miaka themanini na minne, goti moja la chuma.
Nimemwona tangu nilipokuwa kijana wa kushika reki ya baba:
anazunguka mara saba, anaweka kokoto sita.
Sita. Nikadhani amekosea.
Mwaka wa pili, sita. Mwaka wa ishirini, sita.
Nikadhani anaibania mbingu.

Kaskazini, nje ya ukuta, kuna kipande
ambacho hata kondoo hukipita pembeni.
Hakina msalaba. Mawe madogo tu, meupe,
yamejipanga kama meno ya utotoni.
Huko walipelekwa usiku, kwa kandili,
waliokuja na kuondoka kabla ya maji na jina:
baba na sanduku la machungwa kwapani, koleo, kimya;
mama kitandani, ameambiwa ageukie ukutani.
Baba yangu hakupakata kamwe.
"Pale pana nyasi zake," alisema, basi.

Mwaka huu goti la Attracta liligoma.
Mizunguko saba aliimaliza kwa mkongojo,
kisha akaniita, "Malachy,"
akafumbua kiganja.
"Jiwe la nne. Lile lililoinama."

Kokoto ilikuwa na joto la mkono wake.
Niliruka ukuta, yaani nilianguka taratibu
upande wa pili, kama wanavyoruka watu wa umri wangu.
Nikafunua nyasi chini ya jiwe la nne.
Sikuhesabu. Ardhi ilikwisha kumeza nyingi,
zilizobaki zililala zimebanana
kama mayai kiotani.

Niliporudi nikamuuliza, jina lake nani?
Akafuta pua, akatazama soksi mtini.
"Ciarnait," akasema. "Naye hayumo kitabuni."

Saa tano watu walijaa. Manyunyu yakaanza, kama kawaida.
Padre Fintan akakigonga kipaza sauti chake kibovu,
akaanza: Ciarnait mtakatifu...
Attracta akaitikia kabla yetu sote,
kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto
aje ndani, chakula tayari.